Ninaogopa Kukubali Mafunzo Mapya, na Ninaogopa Pia Kuyakataa

Mpendwa Mshauri,

Nina umri wa miaka 44, nimeolewa, nina watoto watatu na ninaishi Mikindani. Kwa miaka 17 nimekuwa karani wa kuhesabu makontena katika yadi moja iliyo upande wa Changamwe, ambayo sitaitaja jina kwa sababu bado ninapata riziki yangu hapo. Kazi yangu ni kusimama langoni, kusoma namba ya kila kontena linaloingia na linalotoka, kuangalia kama sili, yaani lakiri ya mlango wake, iko salama, kuandika kila mahali palipobonyea au kutoboka, kisha kuipeleka karatasi afisini. Ni kazi ya jua na vumbi, lakini imewasomesha watoto wangu wawili wa kwanza hadi wakamaliza sekondari, na wa mwisho yuko kidato cha tatu.

Misukosuko yetu watu wa Mombasa wanaijua. Reli mpya ya kwenda Nairobi ilipoanza kubeba mizigo mwaka wa 2018, na hasa ilipoamriwa mwaka wa 2019 kwamba makontena yapakiwe kwenye treni moja kwa moja, yadi yetu ilikauka na wenzangu wengi wakarudi nyumbani. Mimi nilisalia. Shughuli za kukagua na kutoa mizigo ziliporudishwa Mombasa mwaka wa 2022 tulidhani dhoruba imepita.

Mwezi uliopita meneja alituita na kutueleza kwamba langoni kutawekwa kamera ambazo zitasoma namba za makontena zenyewe, na kwamba kazi ya karani wa karatasi haitakuwepo tena mwaka ujao. Akasema kampuni haitaki kututupa, kwa hiyo kila mmoja achague. Njia ya kwanza ni mafunzo ya wiki tatu ya kutumia mfumo wa kompyuta wa kampuni, kisha kukaa mbele ya skrini na kusahihisha pale kamera inapokosea, kwa mshahara uleule wa Sh36,000. Njia ya pili ni mafunzo ya miezi tisa ya ufundi wa mitambo ya baridi, siku tatu za wiki yadini na zilizobaki chuoni, kwa sababu yadi inaongeza nafasi za kontena za friji zinazobeba maparachichi na samaki. Humo nitalipwa nusu mshahara, na nikifaulu nitaongezewa Sh12,000 kwa mwezi, ila ni lazima nitie sahihi kwamba nitaitumikia kampuni miaka miwili, na nikiondoka kabla ya hapo nirudishe gharama yote ya Sh180,000. Njia ya tatu ni kuchukua kiinua mgongo na kwenda zangu.

Msimamizi wetu alininong'oneza kwamba hao wa skrini nao hawatamaliza miaka miwili. Basi nimebaki najiuliza kama haya yote si njia ya kututoa kwa ustaarabu.

Mume wangu ana duka Magongo, na angependa nichukue kiinua mgongo tupanue duka. Anasema haifai mke wake kupanda kontena usiku akiwa na spana mkononi, na kwamba kwa umri wetu watu wanajiandaa kupumzika, si kurudi darasani. Mama yangu ananiambia nikubali kwa sababu elimu haina mwisho. Mimi hesabu sikuzipenda tangu shule, umeme sikuusoma kabisa, na fundi atakayetufundisha yadini ni kijana wa miaka 27 aliyekuja kwetu akiwa mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani, nikamfundisha mimi mwenyewe jinsi ya kusoma namba ya kontena. Sijui nitamtazamaje.

Tunatakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Je, mtu wa umri wangu anaweza kuanza ufundi upya, au ninajidanganya?

Karani wa Langoni, Mikindani

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Umeniuliza kuhusu umri, lakini barua yako inazungumzia umri kidogo sana. Ulichokieleza kwa kirefu ni nusu mshahara, deni la Sh180,000, meneja ambaye humwamini sawasawa, na mume mwenye mipango yake juu ya fedha ambazo bado hujazipokea. Kwa hiyo niruhusu niligeuze swali kidogo: ukishaupata huo ujuzi mpya, utakuwa mali ya nani, yako au ya yadi? Nadhani njia zote tatu ulizopewa zinaonekana kwa uwazi zaidi zikitazamwa kutoka hapo.

Sitakuambia kwamba elimu haina mwisho. Hilo umeshaambiwa, na mara nyingi husemwa na watu ambao hawajawahi kulea familia kwa nusu mshahara.

Kwanza tuliangalie hili neno lako la kuanza upya. Namba ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho iliyofungiwa kwenye kisanduku, ambayo hupatikana kwa kuzipigia hesabu hizo nyingine ili kosa la uandishi ligunduliwe. Kwa miaka 17 umekuwa mtu wa kugundua makosa ya aina hiyo, na yale ya sili, na ya mabati yaliyotoboka, huku dereva akikupigia honi. Sasa fikiria siku ya fundi wa kontena za friji. Anazunguka kutoka kontena moja hadi jingine, anasoma joto linaloonyeshwa, analilinganisha na lile lililoagizwa na mwenye mzigo, anaandika, na akiona parachichi zilizotakiwa kukaa kwenye nyuzi 5 hivi zimeanza kupanda, anachukua hatua kabla mzigo haujaiva njiani na kuharibika. Sehemu hiyo ya kazi umeifanya maisha yako yote ya utu uzima, ingawa hakuna aliyewahi kukuita fundi.

Sehemu iliyobaki ni ngeni kweli, na sitaki kukupunguzia uzito wake. Kontena za friji hutumia umeme wa njia tatu wenye nguvu ya zaidi ya volti 400, gesi iliyo chini ya shinikizo, na vyombo ambavyo vinadai mkono uliotulia. Hesabu zinazohitajika si zile zilizokutesa shuleni. Nyingi ni za kusoma vipimo, kulinganisha na kubadilisha vizio. Hata hivyo usiniamini mimi wala usimwamini meneja katika hili. Omba uhudhurie kipindi kimoja cha darasani kabla ya kutia sahihi, uone daftari za wanafunzi waliotangulia, halafu ujipime.

Nikirudi kwenye swali la ujuzi ni mali ya nani, njia ya skrini inanitia wasiwasi kuliko inavyoonekana kukutia wewe. Si kwa sababu ya minong'ono ya msimamizi, ambaye huenda hajui zaidi ya unavyojua, bali kwa sababu wiki tatu za kujifunza mfumo wa kampuni moja hukupa ustadi unaotambulika ndani ya lango la kampuni hiyo tu. Ni kweli kwamba kamera hukosea, hasa namba zikiwa zimefutika au zimeshika kutu, na mtu wa kusahihisha atahitajika. Lakini mtu mmoja mbele ya skrini husahihisha kazi iliyokuwa ya makarani kadhaa. Faida yake ni kwamba mshahara haukatiki hata shilingi, na inakununulia muda wa kufikiri. Kwa mama mwenye mtoto kidato cha tatu, muda una thamani yake.

Ufundi wa mitambo ya baridi ni jambo jingine. Pwani yetu ni ya joto, na mahoteli ya kuanzia Nyali hadi Diani, maghala ya samaki, machinjio, hospitali na maduka makubwa yote yanategemea mafundi hao. Ni ufundi unaobadilika pia: tangu nchi za dunia zilipokubaliana mjini Kigali mwaka wa 2016 kupunguza baadhi ya gesi zinazotumika katika friji, mafundi wenye uzoefu mkubwa wanalazimika kurudi darasani kujifunza gesi mpya, kwa hiyo hutakuwa mtu mzima pekee mwenye kalamu. Lakini mwajiri mwingine hataona ulichofundishwa Changamwe. Ataona cheti. Uliza basi, na uulize kwa maandishi, kama mwishoni mwa miezi tisa utafanyishwa mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA, ambao huanzia gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza, au utapewa tu karatasi yenye nembo ya kampuni. Uliza pia chuo ni kipi. Mombasa haina uhaba wa mahali pa kujifunzia ufundi; hata Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, kilianza kama taasisi ya kuwafundisha Waislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka wa 2013. Kama jibu la mtihani wa NITA ni ndiyo, deni la miaka miwili lina uzito mmoja. Kama ni hapana, lina uzito mwingine kabisa, kwa sababu utakuwa umefungwa na kitu usichoweza kuondoka nacho.

Tuzungumze sasa kuhusu hilo deni, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Kila mwajiri hulipa tozo ya mafunzo ya Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na aliyelipa tozo hiyo ipasavyo anaweza kuiomba NITA imrudishie sehemu ya gharama za mafunzo ambayo iliyaidhinisha. Sisemi kwamba kampuni yako itarudishiwa. Nasema una haki ya kuuliza, kwa heshima, kama gharama unayodaiwa ni ile ambayo kampuni yenyewe imeitoa mfukoni. Kisha kuna namna deni linavyohesabiwa. Ulivyoeleza, ukiondoka mwezi wa kwanza utalipa Sh180,000, na ukiondoka mwezi wa ishirini na tatu utalipa Sh180,000 zilezile. Ni jambo la busara kuomba deni lipungue kwa Sh7,500 kila mwezi unaoutumikia, hadi liishe miaka miwili ikitimia. Na iandikwe wazi nini kitatokea kampuni ikikupunguza yenyewe, ukiugua, au usipofaulu mtihani. Mkataba unaosema tu "akiondoka" unaweza kusomwa kwa namna nyingi, na atakayeusoma siku hiyo huenda asiwe meneja huyu unayemfahamu.

Nusu mshahara kwa miezi tisa ni Sh162,000 ambazo hazitaingia nyumbani kwako. Nyongeza ya Sh12,000 kwa mwezi itazirudisha kwa muda wa zaidi kidogo ya mwaka mmoja, ikiwa kila kitu kitaenda kama ilivyoahidiwa. Kwenye karatasi hesabu hiyo inakubalika, lakini karo haisubiri mwaka, kwa hiyo tazama ni mwezi gani nyumba yako itayumba. Fahamu pia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ashauriane nawe kabla ya kubadilisha masharti muhimu ya kazi yako, na akuarifu mabadiliko hayo kwa maandishi. Hiyo nusu basi ni pendekezo ambalo bado linaweza kujadiliwa. Siku tatu za wiki utakuwa yadini ukifanya kazi; je, siku hizo zisilipwe kamili?

Kuhusu kiinua mgongo, nimegundua kwamba hukutaja kiasi, na sijui kama umeambiwa. Sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa alipwe si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliomaliza. Kwa miaka 17 ni siku 255, ambazo kwa mshahara wako, tukigawanya mwezi kwa siku 30, ni takriban Sh306,000, mbali na siku za likizo ambazo hukuzichukua. Inataka pia notisi ya si chini ya mwezi mmoja, na afisa wa leba ajulishwe. Maneno ya meneja katika mkutano si notisi. Jihadhari na jambo moja: ukiletewa karatasi inayosema umeondoka kwa hiari yako, usitie sahihi kabla mtu anayeijua sheria ya kazi hajaisoma, awe afisa wa leba, wakili au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama mnacho, kwa sababu kujiuzulu na kupunguzwa ni vitu viwili tofauti na malipo yake ni tofauti.

Je, wanawatoa kwa ustaarabu? Huenda. Huenda pia meneja ameona kwamba kumfundisha mtu anayeijua yadi ni nafuu kuliko kumtafuta fundi wa nje ambaye ataondoka akipata hoteli inayolipa vizuri zaidi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na huhitaji kujua nia yake ili uyasome masharti yake. Ninachokiona mimi ni kwamba mwajiri anayekubali kuyaandika majibu ya maswali haya amekueleza mengi kuhusu nia yake, na anayekwepa amekueleza pia.

Bwana wako hajakosea kuwaza juu ya duka. Laki tatu ni mtaji. Lakini muulize, mkiwa mmetulia, duka linaingiza kiasi gani baada ya kodi na madeni, na hizo laki tatu zitaongeza nini hasa: bidhaa zipi, faida gani kwa mwezi. Mshahara wako wa sasa unaingia kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Je, duka lililopanuliwa litaziba pengo la Sh36,000? Anaweza kuwa na jibu zuri. Anaweza pia kuwa hajapiga hesabu, na anasukumwa na hofu kuliko biashara. Alivyolizungumzia suala la usiku na spana, nadhani kuna mambo mawili yamechanganyika. Moja ni aibu ya mume mbele ya majirani, ambayo ni ninyi wawili tu mnaoweza kuizungumza. Lingine ni usalama wako, na hilo ni la kweli: uliza zamu zinaisha saa ngapi, kama kuna gari la kuwarudisha wafanyakazi usiku, kama utapewa mkanda wa kupandia juu na glavu za umeme, na kama fundi huachwa peke yake. Ukimpelekea majibu hayo, mtakuwa na kitu cha kuzungumza badala ya kuvutana. Sheria, kwa upande wake, inakataza mwajiri kumbagua mtu katika mafunzo kwa sababu ya jinsia, kwa hiyo ukiitaka nafasi hiyo ni haki yako sawa na mwanamume yeyote.

Yule kijana usimwogope sana. Anajua ni nani aliyemfundisha kusoma namba, na wewe unajua jinsi mwanafunzi mzuri anavyouliza.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja. Unaweza kuchukua kazi ya skrini kwa mshahara kamili na kujilipia masomo ya ufundi polepole, jioni au Jumamosi, kisha ukafanya mtihani wa gredi bila deni la mtu. Hutadaiwa miaka miwili, na cheti kitakuwa chako tangu siku ya kwanza. Ugumu wake ni kwamba karo utaitoa mfukoni, hutakuwa na kontena za friji za kujifanyia mazoezi kila siku, na uchovu wa jioni huwashinda wengi. Na ukitafuta msaada nje, utakuta kwamba miradi mingi ya mafunzo nchini imelenga vijana. Ule wa KYEOP, mradi wa serikali wa ajira na fursa kwa vijana ulioanza mwaka wa 2016, ulikuwa wa walio kati ya miaka 18 na 29. Mtu wa miaka 44 mwenye kazi hakuandaliwa milango mingi, na kwa sababu hiyo pendekezo la mwajiri wako, pamoja na kasoro zake, lisidharauliwe kabla halijachunguzwa.

Siwezi kukuchagulia, maana sijui nyumba yako inaweza kustahimili miezi mingapi ya nusu mshahara, wala moyo wako unataka nini ukiondoa sauti ya mume, ya mama na ya msimamizi. Ninachokushauri ni kwamba usijibu ndiyo wala hapana ukiwa huna karatasi mkononi. Mwandikie meneja barua fupi kesho, umshukuru kwa nafasi, uombe nakala ya mkataba wa mafunzo uende nayo nyumbani, jina la chuo na la mtihani, hesabu ya kiinua mgongo chako kwa maandishi, na wiki mbili zaidi za kutoa jibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi zikifika, mketi wewe na bwana wako mzisome pamoja kabla ya kutia sahihi, na nitafurahi ukiniandikia tena kunijulisha zinasema nini.